Kabla ya Kisu: Mgongo wa Dereva wa Watalii na Tiba ya Kairopraktiki

Madereva wengi wa watalii hapa Arusha wana mgongo mbovu, na wengi wanauficha. Ukisema ofisini kwamba kiuno kinauma, msimu ukianza jina lako linaweza kurukwa kwenye orodha ya safari. Kwa hiyo mtu anameza daiklofenaki, dawa ya maumivu, anafunga mkanda wa kiuno chini ya shati, anaingia kwenye gari. Siku anapofungua mdomo, tayari ana bahasha ya MRI, picha ya ndani ya mwili, mkononi na ameshaambiwa apasuliwe. Wenzangu wengi wameniuliza nilifanyaje mpaka nikarudi kwenye usukani bila kupasuliwa, na maelezo ya kusimama kwenye maegesho ya Seronera, katikati ya Serengeti, wageni wakisubiri, hayatoshi. Naandika hapa kwa urefu ili mwenye shida asome akiwa ametulia.

Msimamo wangu nauweka mbele. Kama mgongo wako hauna dalili za hatari, nitakazozieleza, una haki ya kupewa kwanza tiba isiyo ya kisu, iliyo na mpango na tarehe ya mwisho, na inayopimwa kama inakusaidia. Kwangu mimi ilikuwa kairopraktiki, yaani tiba ya mikono ya uti wa mgongo, pamoja na mazoezi. Na kama dalili za hatari zipo, nenda hospitali leo hii. Usipitie kwa mtu yeyote wa kunyoosha mgongo, awe na shahada ukutani au awe jirani mwenye mikono mizito.

Kazi yetu wengine wanaiona kwenye picha. Mgeni amesimama, paa limefunguliwa, anapiga picha za simba. Dereva amekaa, na amekaa tangu alfajiri. Lami inatoka Arusha, inapita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, inaishia geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Kuanzia hapo ni vumbi na kokoto zilizojipanga kama mawimbi, na kipande cha kushuka Malanja kuelekea Olduvai hadi Naabi, geti la Serengeti, ndicho kinachotumaliza. Ukienda polepole gari linatetemeka kila nati. Ukikaza mwendo linatulia kidogo, mpaka likutane na korongo ambalo mvua ya juzi imelichimba, na hapo kiti kinakupiga kiunoni kabla mguu haujafika kwenye breki. Wataalamu wa afya kazini wamechunguza kwa miaka mingi madereva wa malori, matrekta na mabasi, na wanahusisha mtetemo wa mwili mzima na kukaa muda mrefu na maumivu ya mgongo wa chini. Sisi tunaongeza mengine juu yake: kubadilisha tairi ndani ya matope ya Ndutu, kunyanyua mabegi yaliyojaa kupita kiasi, kujipinda kila dakika kumjibu mgeni aliyekaa nyuma.

Maumivu yangu yalianzia kiunoni, yakahamia tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakapita upande wa nje wa kigimbi na kuishia kwenye kidole gumba cha mguu. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Kuna siku nilikuwa napanga gia kwa kuhesabu, nikichelewesha kila moja kwa sababu kila nikikanyaga umeme unapita kuanzia takoni mpaka unyayoni. Kupiga chafya ilikuwa adhabu. Usiku kambini nililala upande mmoja, goti nimelikunja, na kugeuka tu kulinitoa jasho.

Hali hii wengi wanaiita mshipa. Madaktari wanaiita siatika. Kati ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine kuna diski: pete ngumu ya nyuzi kwa nje, ute mzito katikati. Dereva atanielewa nikisema ni bushi ya springi, ipo ili chuma kisigonge chuma. Pete ikichanika, ute unasukumwa nje, na ukitokea upande inakopita neva, yaani mshipa wa fahamu uendao mguuni, neva inabanwa na kuchomwa na kemikali za uvimbe. Ndiyo maana mguu unalia wakati jeraha liko kiunoni. Mara nyingi zinazoharibika ni diski mbili za chini kabisa, na yangu ilikuwa ile iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno.

Lakini bushi iliyochanika haijirudii, na hapa mwili na gari vinaachana. Kipande cha diski kilichotoka nje, mwili hukiona kama kitu kigeni. Chembe za kinga hukishambulia, na kwa watu wengi hupungua, wakati mwingine hutoweka kabisa, ndani ya miezi kadhaa. Tena vipande vikubwa vilivyomwagika nje ndivyo vinavyopungua mara nyingi zaidi kuliko vivimbe vidogo. Hili sikuambiwa siku ya kwanza, na laiti ningeambiwa, ningelala usingizi usiku ule.

Siku ya kwanza nilikaa mbele ya daktari katika hospitali ambayo sitaitaja. Aliinua picha kwenye mwanga, akasoma ripoti, akasema, "Diski imetoka. Hii ni ya upasuaji. Pita mapokezi wakueleze utaratibu wa bima." Hakunigusa mguu. Hakuniuliza nasikia ganzi wapi. Nilitoka na neno upasuaji kichwani na mke wangu pembeni akiniuliza, "Wamesemaje?" nami nashindwa kumjibu. Upasuaji wenyewe hauniudhi, ni tiba halali na imewasimamisha watu wengi. Kilichoniudhi, na bado kinaniudhi, ni uamuzi mzito hivyo kutoka kwenye picha peke yake.

Picha peke yake haitoshi, na ushahidi upo. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya vipimo vya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizovimba zilionekana kwa asilimia 30 ya wale wa miaka 20 na asilimia 84 ya wale wa miaka 80. Watu hao walikuwa wanatembea, wanalima, wanalea wajukuu, na mgongo hauwaumi. Kwa hiyo ripoti ikisema diski imechakaa, swali linalofuata ni kama kinachoonekana pale kinalingana na mguu unaouma, upande unaouma, kidole chenye ganzi. Asiyekupima mwili hawezi kulijibu.

Nilipanda basi kwenda Moshi kuonana na daktari mwingine wa mifupa. Huyu alianza kwa kusema, "Kaka, vua viatu, simama." Alinitembeza chumbani, akanipima nguvu, akagusa ngozi kwa pamba, akauliza habari za choo na mkojo mpaka nikaona haya. Ndipo akafungua bahasha. "Diski kweli imetoka, na inalingana na unachosema. Lakini nguvu zipo, mkojo uko sawa. Upasuaji upo na tutaufanya ikibidi. Jipe wiki 6 za tiba ya mikono na mazoezi. Ukipata mojawapo ya haya ninayokuandikia, usisubiri wiki 6, njoo siku hiyohiyo."

Karatasi ile ninayo mpaka leo, na yaliyomo ni muhimu kuliko kitu kingine chochote katika makala hii. Ganzi sehemu za kukalia, kwenye msamba na sehemu za siri, pale ambapo tandiko la farasi lingegusa. Kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka bila wewe kujua. Miguu yote miwili kulegea. Unyayo kukataa kuinuka, ukawa unaburuza ndala. Homa, jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu. Maumivu yasiyopungua hata ukilala. Kuwahi kuugua saratani. Kuanguka kutoka juu au kupata ajali. Dalili za mkojo na ganzi ya msamba zinaonyesha kwamba fungu la neva lililo mwisho wa uti wa mgongo linabanwa, na hapo muda unahesabiwa kwa saa. Mtu anayechelewa anaweza kubaki na ulemavu wa kibofu maisha yake yote.

Na kwetu kuna jambo la ziada. Tanzania ilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo haukai kwenye mapafu tu. Unakula pingili za mgongo pia. Mgonjwa anaweza asikohoe kabisa, akawa analalamika mgongo kwa miezi, anachuliwa, anakandwa, huku mfupa unalika. Kumvuta au kumkandamiza mtu wa namna hiyo ni kuhatarisha pingili iporomoke na kubana uti wa mgongo. Kuna dawa, na huku Kilimanjaro kuna hospitali ya Kibong'oto kule Siha iliyobobea katika ugonjwa huo. Mtaalamu yeyote wa mgongo asiyekuuliza kuhusu homa, jasho la usiku na kupungua uzito, ondoka chumbani kwake hata kama umeshalipa.

Sasa kairopraktiki. Ilianzishwa na Daniel David Palmer, mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Palmer aliamini kwamba karibu magonjwa yote ya binadamu yanatokana na pingili zilizohama mahali pake. Imani hiyo haina ushahidi, na bado wapo wachache wanaoiendeleza: watakuambia kunyoosha shingo kunatibu presha, kisukari, pumu ya mtoto. Mimi hao siwaungi mkono hata kidogo. Kilichobaki chenye uzito, baada ya zaidi ya karne moja ya kupimwa na kubishaniwa, ni tiba ya mikono kwa maumivu ya mgongo wa chini. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini kwa watu wazima, likataja elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba ya mikono ya uti wa mgongo na masaji. Likashauri pia mikanda ya kiuno isitumike kama tiba ya kawaida. Wenzangu mnaonunua mikanda ile kila msimu, someni tena sentensi hiyo. Mwongozo huo unahusu maumivu sugu yasiyo na chanzo mahususi, si siatika ya diski kama yangu, na kuhusu siatika nitasema baada ya muda mfupi.

Shirika hilohilo linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Wote hao hawawezi kupasuliwa, wala hawahitaji.

Wataalamu wa kairopraktiki hapa nchini ni wachache. Barani kwetu Afrika Kusini inaifundisha chuo kikuu, Johannesburg na Durban, kwa miaka kadhaa, kuanzia anatomia, kusoma eksirei mpaka mafunzo kwa vitendo. Huyo niliyemwendea alikuwa na shahada, na alinionyesha bila kuombwa mara mbili. Jina lake silitaji kwa kuwa hakunituma nimtangaze. Nitaeleza alichonifanyia, ili ujue kipimo cha kumpimia mwingine.

Alianza na mkojo, kama daktari wa Moshi. Nilipumua nilipolisikia swali lile. Halafu akanitaka nitembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akanilaza chali, akainua mguu wangu wa kushoto ukiwa umenyooka, polepole, jicho lake kwenye uso wangu na si kwenye mguu. Kabla haujafika nusu umeme ukapita, akasimama hapohapo, akaandika nyuzi za pembe mguu ulipofikia. Akainua wa kulia, ukapanda bila shida. Akagonga goti na kano ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Kisha akashika vidole gumba vya miguu yote miwili kwa wakati mmoja, akasema, "Vivute kuelekea kwako, usiniruhusu nivishushe." Cha kulia kilimshinda. Cha kushoto kilisimama, lakini kabla hajakiachia kilianza kutetemeka. Tulikiangalia wote wawili. Hakusema kitu, akaandika. Kila nilipokuwa nikirudi, kidole kile ndicho alichokipima kwanza, kabla hajagusa mgongo, kwa sababu kama kingelegea zaidi tungesimama na kwenda kwa mpasuaji.

Watu hufikiri kairopraktiki ni mlio. Mlio wenyewe ni gesi tu ndani ya ute wa kiungo, mfupa hauvunjiki wala haurudishwi mahali, na siku ile ya kwanza sikusikia mlio wowote. Nililala kifudifudi kwenye kitanda ambacho nusu yake ya chini ina bawaba. Mkono wake mmoja ulikaa juu ya pingili za kiuno, wa pili ukashusha sehemu ya kitanda inayobeba miguu, taratibu, ikashuka na kupanda, ikashuka na kupanda, kama dakika kadhaa. Kiuno kilikuwa kinafunguka kidogo kidogo. Aliniambia nimwambie mara moja kama kuna kitu kinateremka mguuni. Siku za baadaye, mguu ulipopoa, ndipo akaongeza msukumo mfupi wa haraka nikiwa nimelala ubavu.

Kisha akanipa maelezo ambayo kila mwenye siatika anatakiwa kuyajua. Maumivu yakiondoka kidoleni, yakapanda kigimbini, yakapanda pajani, yakabaki kiunoni, hiyo ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kitauma kuliko jana. Yakifanya kinyume, yakateremka mguuni zaidi baada ya mkao au zoezi fulani, achana na mkao huo. Kuanzia hapo niliacha kujiuliza tu kama inauma, nikawa nauliza inauma mpaka wapi. Nilikuwa nalala kifudifudi sakafuni nyumbani, najiinua kwa viwiko, nasubiri, nasikiliza. Nilikuwa natembea asubuhi kabla jua halijakaza, umbali mfupi, mara nyingi, kuliko safari moja ndefu. Mazoezi ya kiuno yaliongezwa kidogo kidogo: kupiga magoti na viganja chini, kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kubadilisha. Kazi kubwa ilikuwa hiyo. Mikono yake ilinipunguzia maumivu vya kutosha ili niweze kuifanya.

Bahati yangu ilikuwa masika. Aprili na Mei kambi nyingi hufungwa, barabara zinaharibika, wageni ni wachache, na dereva anayelipwa kwa safari hapotezi sana akikaa nyumbani. Kama mgongo wako unaweza kusubiri mpaka masika, tumia masika.

Haikuwa njia iliyonyooka. Kulikuwa na wiki mbaya katikati, baada ya kukaa kwenye ibada ndefu ya msiba kijijini, maumivu yakarudi mpaka kigimbini na nikakosa imani na kila mtu. Mama yangu, mtu wa Machame, alinitazama nikishuka kwenye gari kwa kushikilia mlango, akasema, "Baba, nakuitia yule bibi wa kuchua, alimnyoosha hata mjomba wako." Nilimshika mikono nikamwomba asubiri. Bibi yule naheshimu mikono yake, na kuchuliwa misuli kwa mafuta ya moto kunatuliza kweli. Lakini hana namna ya kujua kama neva imebanwa, na kusimama kwa kisigino juu ya kiuno cha mtu mwenye diski iliyotoka ni jambo la hatari.

Hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni vinyozi. Mjini Arusha ukimaliza kunyolewa na kufanyiwa skrabu, kijana anakukanda mabega, na kabla hujasema lolote anashika kidevu na kisogo na kukizungusha kichwa mpaka kilie. Wateja wengine wanaipenda. Ndani ya pingili za shingo zinapita ateri zinazopeleka damu kwenye ubongo, na mara chache ateri hizo huchanika shingo ikizungushwa kwa nguvu, na mtu akapata kiharusi. Hata kwa wataalamu jambo hili linajulikana na linajadiliwa, ndiyo maana huuliza maswali kwanza na huomba ridhaa yako. Kijana wa saluni hajauliza kitu. Ukiona mkono unaelekea kidevuni, mwambie hapana, na usione aibu.

Upo pia udanganyifu wa wenye makoti meupe. Mtu anayekutaka ulipie mahudhurio ya mwaka mzima mbele, anayekupiga eksirei kila ukija, anayekutisha kwamba usipomaliza pakiti utapooza, huyo anafanya biashara ya hofu. Tiba ya mgongo ina tarehe ya kujipima. Wa kwangu alisema mwanzoni kabisa, "Tukifika wiki ya 6 bila mabadiliko ya maana, nitamwandikia daktari wako barua na utarudi kwake." Kwa sentensi ile nilimwamini kuliko kwa shahada yake.

Nimeahidi kusema kuhusu siatika na kisu. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na siatika kali kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipangiwa upasuaji wa mapema. Kundi la pili liliendelea na tiba bila kisu, na aliyezidiwa akapasuliwa. Katika kundi hilo la pili asilimia 39 walifika kwenye kisu. Ndani ya mwaka mmoja asilimia 95 ya makundi yote mawili walihesabiwa kuwa wamepona. Tofauti ilikuwa kasi, kwa kuwa waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, na kwa mtu asiyelala usiku kasi ni kitu kikubwa. Sitamlaumu anayeichagua akiwa amelielewa hilo.

Halafu mwaka 2010 ikachapishwa kazi ya Kanada, ndogo lakini iliyogusa swali langu hasa. Watu 40 wenye siatika ya diski, waliokuwa wameshatibiwa kwa njia nyingine angalau miezi 3 bila mafanikio na kufikishwa kwa wapasuaji. Nusu wakapangiwa upasuaji, nusu tiba ya kairopraktiki. Asilimia 60 ya waliopangiwa kairopraktiki walipata nafuu sawa na ya waliopasuliwa. Wanane ambao haikuwasaidia walipasuliwa baadaye, na wakapona kwa kiwango kilekile cha waliopasuliwa mwanzoni. Watu 40 ni wachache, na tafiti kubwa zaidi zinahitajika kabla mtu hajapiga kifua. Ila hao wanane ndio walionipa amani. Hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba nikijaribu kwanza njia hii ikashindikana, nitakuwa nimeharibu nafasi ya upasuaji. Kwao haikuwa hivyo.

Kama uliko hakuna mtaalamu wa kairopraktiki, usikate tamaa wala usimtafute kwenye video. Wataalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, wapo. Hospitali ya KCMC pale Moshi imewafundisha kwa miongo, na wengi wao wanajua kupima neva, kutumia mikono na kupanga mazoezi. Ukiniuliza nichague kati ya kairopraktiki isiyo na mazoezi na fiziotherapia yenye mazoezi, sitasita kuchagua fiziotherapia.

Nilirudi Moshi kwa daktari wangu kama tulivyokubaliana. Akanivua viatu tena. Mguu wa kushoto ulipanda karibu sawa na wa kulia, kidole gumba kilimshinda. Ganzi kidogo ilikuwa imebaki upande wa nje wa kigimbi, na mpaka leo nikichoka naisikia. Alifunga faili, akaniambia nirudi nikiona dalili yoyote ya ile karatasi. Nilianza kuendesha na safari fupi, Tarangire na Manyara, kabla ya kurudi Serengeti. Nimehamisha waleti kutoka mfuko wa nyuma, kiti nimekisogeza mbele ili klachi isinivute kiuno, na wageni nawaambia siku ya kwanza kwamba tutakuwa tunasimama mara kwa mara, dereva anyooshe mgongo. Hakuna mgeni aliyewahi kukataa.

Mwenzetu mmoja, tuliyeanza naye kazi, mambo yake yalikwenda njia nyingine. Alikuwa na tatizo kama langu na alinipigia kuuliza namba ya mtaalamu. Nilimwuliza kuhusu mkojo, akasema uko sawa. Nikamwuliza kuhusu unyayo, akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, ndala inanitoka nikitembea." Sikumpa namba. Nilimpeleka mwenyewe hospitali asubuhi yake, na hakukaa siku nyingi akapasuliwa. Alipozinduka maumivu ya mguu yalikuwa yameondoka. Nguvu za unyayo zilirudi polepole, kwa miezi, akiwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyempa kutembea kulekule na mazoezi yaleyale ya kupiga magoti niliyopewa mimi. Msimu huu yuko barabarani, na jioni tukikutana kambini tunayafanya pamoja kabla ya chakula.